Niliwapa Watu Wote Masikio, Mke Wangu Nikamnyima

Wanandoa vijana wanaokuja kuniona kwa ushauri huniuliza swali moja karibu kila mara: "Mchungaji, nifanyeje ili mwenzangu aniambie ukweli?" Wanategemea nifungue Biblia palepale. Mimi huanza kwa kuwasimulia habari za Benaco.

Ukipita leo barabara ya kwenda Rusumo, Benaco ni mji mdogo wa malori. Madereva wanaokwenda Kigali wanashuka, wanakula, wanachaji simu, wanaendelea na safari. Jina lenyewe lilitokana na kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara iliyowahi kuweka kambi yake hapo. Vijana wengi wanaouza maji na mahindi ya kuchoma pale stendi hawakuwa wamezaliwa mwaka 1994. Mimi mwaka huo nilikuwa na miaka 29, mchungaji wa kanisa dogo la Baptisti wilayani Biharamulo. Ndoa yangu ilikuwa na miezi mitano tu.

ROBO MILIONI KWA SIKU MOJA

Tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda ilitunguliwa Kigali, akitokea kwenye mkutano Dar es Salaam. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Wiki tatu baadaye, Aprili 28 na 29, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, ndani ya saa 24 hivi. Wageni wakawa wengi kuliko wenyeji wa wilaya nzima.

Wengi walikuwa Wahutu waliokimbia majeshi ya RPF yaliyokuwa yanasonga mbele. Humo ndani walikuwamo wakulima wasio na kosa, watoto waliopotezana na wazazi, akina mama wajawazito. Walikuwamo pia watu waliotoka kuua. Wote walikuwa wamejitwisha magodoro na sufuria, na kwa macho tu usingeweza kuwatofautisha.

Mimi ni Mhangaza, mzaliwa wa Ngara, na lugha yetu ni jirani sana na Kirundi na Kinyarwanda. Kwa hiyo viongozi wa kanisa walipotafuta mtu wa kwenda kuhudumu kambini, jina langu lilikuwa la kwanza. Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alinifungia nguo mbili na blanketi. Akaniuliza, "Utarudi lini?" Nikamjibu, "Jumamosi." Sikurudi Jumamosi ile, wala iliyofuata.

KANISA CHINI YA SHITINGI

Kanisa letu lilikuwa shitingi ya plastiki juu ya miti minne. Watu walikaa chini. Miti ya milima ile ilikuwa inaisha mbele ya macho yetu, kila familia inatafuta kuni za kupikia mahindi na maharage ya msaada.

Sisi Wabaptisti tunabatiza kwa kuzamisha mtu mzima majini. Benaco sikuwa na maji ya kubatizia. Bwawa lililokuwapo ndilo lilikuwa la kunywa. Mto Kagera ulikuwa unateremsha maiti kutoka Rwanda hadi Ziwa Victoria, na watu wa mwambao wakaanza kuogopa kula samaki. Nani angemzamisha mtu mle?

Lakini maombi ya kubatizwa yalikuwa mengi mno. Wengine walikuwa na kiu ya kweli. Wengine, nilikuja kuelewa baadaye, walitaka waoshwe haraka kabla hawajaulizwa swali lolote. Leo naona uhaba ule wa maji ulinisaidia. Ulinilazimisha kusubiri.

Kulikuwa na kijana mmoja, sitamtaja. Msomi, Kifaransa safi, mchapakazi kuliko wote. Ndiye aliyepanga foleni, ndiye aliyekagua kama wagonjwa wamepata maji. Nikampenda. Baada ya mwezi mmoja nikampa kazi ya kupitisha sahani ya mkate wakati wa Meza ya Bwana. Sikuuliza ametoka wapi. Nilikuwa nimechoka, naye alikuwa msaada.

BIBI ALIYEKATAA MKATE

Jumapili moja sahani ile ilifika kwa bibi mmoja aliyekuwa akikaa mstari wa nyuma. Akautazama mkono uliomshikia sahani, kisha akainamisha kichwa. Hakuchukua mkate.

Baada ya ibada, mbele ya watu, nikamwita kwa sauti ya kichungaji, "Mukecuru, mbona leo hukushiriki?"

Watu watatu wanne wakageuka. Yule kijana naye akageuka.

Bibi akasema, "Naumwa tumbo, Pasta."

Jumapili iliyofuata hakuja. Nikaenda mpaka kwenye kibanda chake, nikakuta familia nyingine. Jirani mmoja akanivuta pembeni na kuninong'oneza kwamba binti wa yule bibi alikuwa ameolewa na Mtutsi. Binti, mkwe na wajukuu, wote wameuawa, na bibi aliwaona waliofanya hivyo. Ameondoka usiku. Hakuna aliyejua amekwenda wapi.

Mpenzi msomaji, naomba unielewe. Benaco ya wakati ule haikuwa mahali pa kuuliza swali kama lile hadharani. Wakubwa waliowaongoza watu kijijini ndio hao hao walioendelea kuwaongoza kambini, hata chakula mwanzoni kiligawiwa kupitia kwao. Mwezi Juni 1994 UNHCR ilipojaribu kumwondoa Jean-Baptiste Gatete, aliyewahi kuwa meya wa Murambi, maelfu ya watu wenye mapanga na marungu walijaa nje ya ofisi, na wafanyakazi wa misaada wakalazimika kuondoka kwa muda. Mtu huyo baadaye alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokuwa Arusha: kifungo cha maisha mwaka 2011, kikapunguzwa kuwa miaka 40 mwaka 2012. Kama mashirika makubwa yalitetemeka, bibi mmoja peke yake angefanya nini? Nami nilikuwa nimemsimamisha mbele ya watu na kumtaka ajieleze.

Nilimwita yule kijana faraghani. Hakukiri, hakukana. Alisema tu, "Vita ni vita, Pasta. Lini utanibatiza?" Nikamwambia siku atakayoweza kunieleza anatubu nini, nitatafuta maji hata kwa ndoo. Nikamnyang'anya sahani. Wiki ile nusu ya kanisa ilihama naye. Kwa miezi kadhaa nililala nikisikiliza kila hatua iliyopita nje.

NYUMBANI NILIKUWA MGENI

Sasa nije kwenye sehemu inayowahusu ninyi wenye ndoa.

Miaka ile nilikuwa narudi Biharamulo mara moja kwa mwezi, nikiwa nimeomba lifti kwenye lori. Nilikula, nikalala, nikaondoka. Mke wangu akiuliza habari za kambini, nilimwambia, "Mambo ni mengi, tuombeane." Nilijiona namlinda. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimemfungia mlango.

Siku moja mwaka 1995 nilimkuta kitandani. Nikamuuliza huku nafungua barua zangu, "Una nini, mama?" Akajibu, "Naumwa tumbo." Nikamwekea mkono, nikamwombea dakika mbili, alfajiri nikapanda lori.

Desemba 1996 serikali yetu na UNHCR walitangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kufikia mwisho wa mwezo ule. Kwanza wengi walikimbilia upande wa pili, ndani zaidi ya Tanzania, askari wakawarudisha. Kisha barabara ya Rusumo ikajaa watu tena, safari hii wakielekea Rwanda. Nilisimama kando ya barabara siku tatu kwenye mvua. Wenzangu walidhani nawaaga waumini. Mimi nilikuwa namtafuta bibi yule. Sikumwona.

Nilipofika nyumbani mke wangu hakuniuliza kitu. Alinipashia maji ya kuoga. Akanipa ugali na dagaa. Akawaambia jirani waliokuja kusalimia kwamba Baba Mchungaji amechoka, warudi kesho. Akafunga mlango, akapunguza taa ya chemli, akakaa karibu yangu, akanyamaza. Tulikaa hivyo labda nusu saa. Kisha mimi mwenyewe nikaanza kusema, na nilisema mpaka jogoo wakawika.

Nilipofika kwenye maneno "Naumwa tumbo, Pasta," mke wangu akalia. Nilifikiri anamlilia bibi. Akaniambia, "Na mimi nilikuambia hivyo hivyo. Siku ile mimba ilikuwa imetoka."

Ilikuwa mimba yetu ya kwanza. Miezi ishirini nilikuwa nahubiri faraja, na nyumbani kwangu mtu alikuwa amefiwa peke yake.

NILICHOJIFUNZA

Sikuwa mchungaji mbaya kuliko wengine, na hilo ndilo linalonitisha. Cheo chetu si kinga. Mwaka 2010 mahakama ya Finland ilimhukumu kifungo cha maisha François Bazaramba, Mnyarwanda aliyekuwa mchungaji wa Baptisti kama mimi, kwa kushiriki mauaji ya kimbari. Mahakama hiyo ilisafiri hadi Kigali na Dar es Salaam kusikiliza mashahidi. Hebu fikiria: majaji walisafiri kutoka Ulaya ili mashahidi wapate mahali pa kusemea. Mimi sikutembea hata hatua ishirini kumfuata bibi yule pembeni.

Kwa hiyo wanaponiuliza jinsi ya kumfanya mwenzao awe mkweli, nawaambia haya:

Kwanza, andaa mahali kabla ya swali. Usimuulize mumeo kuhusu mshahara mbele ya shemeji zake. Usimuulize mkeo kuhusu meseji wakati simu yake umeishika kama ushahidi. Mtu anayeogopa atakupa jibu la kumuokoa, si la kweli.

Pili, lisikie jibu dogo. "Nimechoka," "sina kitu," "naumwa tumbo." Mara nyingine ni tumbo kweli. Lakini weka chini barua zako, zima TV, kaa. Kama ni tumbo, hujapoteza kitu.

Tatu, usimsukume mtu asamehe ili wewe upumue. Kambini nilihubiri msamaha kila Jumapili kwa watu ambao hakuna aliyekuwa amewaomba radhi. Anayetaka kusamehewa aanze yeye, ataje alichofanya, bila "vita ni vita", bila "shetani alinipitia".

Nne, na hii ni kwa wenye kazi za kuhudumia watu, iwe hospitali, shule, benki au kanisa: ukirudi nyumbani usimpe mwenzako mabaki. Anza na yeye.

Mke wangu alinisamehe, ila si usiku ule. Ilichukua karibu mwaka, na sikumharakisha. Mtoto tuliyempata mwaka 1998 sasa ana familia yake. Yule ambaye hatukumwona tunamkumbuka kila mwaka, sisi wawili tu, bila sherehe.

Tukipita Benaco huwa tunashuka kunywa chai. Mke wangu anajua kwa nini nachelewa kumaliza kikombe. Akipita bibi mwenye mkongojo namtazama usoni, ingawa najua yule wangu angekuwa na umri wa zaidi ya miaka mia moja sasa. Mke wangu hasemi kitu. Ananisubiri mpaka nimalize, kisha tunaondoka.