Kilo za Desemba: Bandu Bandu Huisha Gogo

Huu ni mwezi wa Januari. Jua ni kali, karo ya shule ingali inatafutwa, na wewe umerudi kazini kutoka nyumbani mashambani. Asubuhi ya kwanza unachukua sketi au suruali uliyoivaa Novemba bila shida yoyote, nayo inakataa kufunga. Unavuta tumbo ndani, unajaribu tena, wapi! Ukitoka mlangoni jirani anakusifu: "Umenenepa! Kweli sikukuu ilikuwa njema."

Je, hizo kilo mbili au tatu zimetoka wapi? Na je, tuziondoe au tuziache tu?

Wengi huziacha, wakisema zitaondoka zenyewe. Hapo ndipo penye hatari. Utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2000 uliwafuata watu wazima katika msimu wa sikukuu. Kwa wastani waliongeza chini ya nusu kilo. Ni kidogo, sivyo? Lakini walipopimwa tena miezi iliyofuata, uzito ule haukuwa umeondoka. Sasa piga hesabu. Ukibaki na kilo moja kila mwaka, baada ya Krismasi kumi unabeba kilo 10 ambazo hukuzaliwa nazo. Haba na haba hujaza kibaba.

Mzigo huo hauishii kwenye nguo. Uzito uliozidi, hasa mafuta ya tumboni, huongeza hatari ya shinikizo la damu, kisukari na magonjwa ya moyo, na huumiza magoti. Hapa Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba watu wazima 27 kati ya kila 100 walikuwa na uzito uliozidi. Kwa wanawake, walikuwa karibu 39 kati ya kila 100.

Sasa turudi Desemba. Kila nyumba uliyoingia ulipewa chai, na kukataa ni kama kumtukana mwenyeji. Kikombe kilikuwa na vijiko vitatu vya sukari, na kando yake mandazi. Mchana palikuwa na pilau, chapati na nyama choma, na soda ya kuteremshia. Soda moja ya mililita 300 ina sukari inayokaribia vijiko 8 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima asizidishe takriban vijiko 12 kwa siku nzima. Kwa hiyo soda mbili pekee zilikupitisha mpaka, kabla hata ya chai ya jioni. Bia nayo si maji: chupa ya nusu lita ina kalori takriban 200. Na baada ya kula ulikaa kivulini ukizungumza na jamaa, maana hiyo ndiyo raha ya sikukuu.

Hakuna lawama hapo, msikilizaji. Sikukuu imepita. Tuangalie la kufanya leo.

Kwanza, usijinyime chakula kwa hasira. Anayekosa kiamsha kinywa na chakula cha mchana mara nyingi hufika jioni na njaa ya simba, akala mara mbili. Usinunue vidonge vya kukondesha vinavyouzwa mitaani, wala usitumie dawa za kuharisha. Dawa hizo hupunguza maji mwilini, si mafuta, na zinaweza kukudhuru.

Pili, panga sahani yako upya. Nusu ya sahani iwe mboga: sukuma wiki, kabeji, mchicha au kunde. Robo iwe ugali, wali, viazi au chapati moja. Robo inayobaki iwe maharagwe, ndengu, samaki, yai au kipande cha nyama kinachotoshana na kiganja chako. Kula polepole, kisha ngoja kidogo kabla ya kuongeza. Mara nyingi njaa huwa imekwisha.

Tatu, pima mafuta kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye mkebe. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori 120 hivi, karibu sawa na zile unazotumia ukitembea haraka kwa nusu saa. Ukipunguza vijiko viwili kwenye sufuria ya familia, nyumba nzima imefaidika. Katika chai, toka vijiko vitatu uje viwili, wiki ijayo kimoja. Ulimi huzoea. Kiu ikikushika, kunywa maji safi.

Nne, tembea. Mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za mazoezi ya kadiri kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Mazoezi ya kadiri ni yale yanayokufanya uhemehame, lakini bado unaweza kuzungumza. Huhitaji kulipia ukumbi wa mazoezi. Shuka kwenye matatu kituo kimoja au viwili kabla ya chako. Panda ngazi. Ruka kamba na watoto jioni. Kama kazi yako ni kulima, kuteka maji au kubeba mizigo, tayari unafanya mazoezi. Kwako kazi kubwa iko kwenye sahani na kikombe.

Na tazama, mwezi wenyewe unakusaidia. Watu wameubandika jina la Njaanuari kwa sababu mfuko ni mtupu. Basi ndengu badala ya nyama choma, maji badala ya soda na miguu badala ya matatu vitaokoa mwili na mfuko pamoja.

Usitarajie miujiza. Lenga nusu kilo kwa wiki. Kilo tatu zitachukua wiki sita hivi. Pima uzito mara moja kwa wiki, kwa mizani ileile. Kama huna mizani, tumia tepu ya fundi wa nguo. Pima kiuno katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Mwanamke aliyepita sentimita 88, au mwanamume aliyepita 102, aende kituo cha afya apimwe shinikizo la damu na sukari.

Kuna jambo moja ambalo wengi huogopa kulisema. Mtu akipungua, majirani hunong'ona: "Ana nini huyu? Ni mgonjwa?" Kwa woga wa maneno hayo, wengine huamua kubaki na uzito unaowaumiza. Msikilizaji, anayepungua polepole huku akila vizuri na kutembea kwa nguvu hana la kuficha. Waambie wa nyumbani mapema unachofanya, na ikiwezekana mfanye pamoja. Lakini kama unapungua bila kujaribu, au una kikohozi kisichoisha, homa za usiku, au kiu na mkojo wa mara kwa mara, hapo usingoje. Nenda kituo cha afya.

Vilevile, kama wewe ni mjamzito, unanyonyesha, au unatumia dawa za kisukari, presha au ARV, zungumza na mhudumu wa afya kabla ya kubadilisha chakula chako.

Kwa ufupi: punguza sukari na mafuta, jaza mboga, tembea nusu saa, na uwe na subira. Kilo zile zilikuja kikombe kwa kikombe, nazo zitaondoka hatua kwa hatua. Bandu bandu huisha gogo. Anza leo jioni, kwa kikombe cha chai kilicho mbele yako.