Oroville: Mafundi walivyokimbizana na majira ya baridi

Bwawa la Oroville, chini ya milima ya Sierra Nevada, California, ndilo lenye ukuta wa kwenda juu kuliko yote Marekani: mita 235. Februari 7, 2017, sakafu ya zege ya njia yake kuu ya kumwagia maji ilitoboka. Siku nne baadaye maji yakapita njia ya dharura, mara ya kwanza tangu bwawa lizinduliwe mwaka 1968. Kilima kikaanza kumomonyoka. Watu wapatao 188,000 wakaamriwa kuhama.

Mvua za majira ya baridi zingerudi, hivyo mafundi wakapewa hadi Novemba 1. Usiku na mchana walivunja, wakalipua, wakamwaga zege. Awamu ya kwanza ikakamilika siku ile ile.

Kinachouma ni hiki: mwaka 2005 vikundi vya mazingira viliomba kilima cha njia ya dharura kisakafiwe zege. Serikali ikajibu hakuna haja. Ufa haukuzibwa, ukuta ukajengwa, kwa zaidi ya dola bilioni moja. Januari 2018 wachunguzi huru walilaumu idara ya maji, wasimamizi na mazoea ya wahandisi wenyewe.

Njia kuu ilifunguliwa tena Aprili 2019.