Kuisoma Ramani ya Mlima (3): Mistari ya Kahawia

Juma lililopita tulimaliza skeli: katika ramani ya 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita 1. Basi msomaji aliyeweka rula kati ya Mombo na Lushoto mjini, kule Usambara, atakuwa ameshangaa. Barabara ina kilomita 33 hivi, lakini rula haikufika hata nusu yake. Rula hupima kwa mstari ulionyooka, kana kwamba nchi ni tambarare. Habari za mlima ziko kwenye mistari ya kahawia, yaani kontua.

Kontua huunganisha mahali pote penye kimo kimoja kutoka usawa wa bahari. Chukulia bahari imejaa hadi mita 1,400: ukingo wa maji, pamoja na kila ghuba litakaloingia mabondeni, ndiyo kontua ya 1,400. Ukiifuata hupandi wala hushuki. Mombo iko kwenye mita 400 hivi, Lushoto 1,400 hivi. Kontua zikipishana kwa mita 20, msafiri ana mistari 50 ya kuvuka, ndiyo maana barabara inajipindapinda.

Mistari ikiachana, mteremko ni mpole. Ikisongamana, ni mkali. Pale Irente, ambapo mlima unakatika ghafla juu ya nyika, inakaribia kugusana. Ikipinda mfano wa V na ncha ikaelekea juu, hapo ni bonde, aghalabu lenye kijito. Ncha ikielekea chini, ni mgongo wa mlima.

Mwaka 1892 Mskoti William Naismith aliweka kanuni: hesabu saa 1 kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 5 inayopanda mistari 30 ya mita 20 ni saa 2, si saa 1. Mwenyeji ukimuuliza umbali, hukutajia saa, si kilomita; hesabu hiyo anayo miguuni.

Lakini tahadhari. Korongo lenye kina cha mita 15 laweza kupita kati ya kontua mbili lisionekane. Tena mistari mingi ilichorwa kutokana na picha zilizopigwa kutoka angani, na penye msitu mnene kama Magamba, picha huonyesha vilele vya miti. Ardhi ya chini hukadiriwa.

Juma lijalo: dira, na kwa nini kaskazini si moja.