Kondoo Nao Wana Zamu



Mshahara ukikatika katikati ya mwezi, kondoo ndiyo akiba yetu. Lakini tukimfunga mahali pamoja kila siku, nyasi huisha, mvua huchukua udongo, na minyoo humwua. Mayai ya minyoo hutoka na mavi. Penye joto na unyevu huanguliwa, na baada ya siku chache viminyoo hupanda majani.

Basi tugawe malisho vitalu 10. Kondoo wakae kila kitalu siku 3 au 4, wahamishwe kabla nyasi hazijashuka chini ya vidole vinne. Watarudi kitalu cha kwanza baada ya wiki 5 hivi: nyasi zimeota, mavi yamekuwa mbolea, viminyoo vingi vimekufa.

Mwenye eneo dogo aungane na jirani yake. Kamba na vigingi vyatosha.