Maambukizi ya mikunjo ya ngozi

Maambukizi ya mikunjo ya ngozi ni kundi la magonjwa yanayotokea mahali ambapo ngozi inagusana na ngozi, hasa kinenani, makwapani, chini ya matiti, kati ya matako, kwenye mikunjo ya tumbo na katikati ya vidole vya miguu. Husababishwa na kuvu (fangasi) au bakteria, na mara nyingi huambatana na muwasho, michubuko na harufu mbaya.

Mengi kati ya magonjwa hayo si ya hatari na hupona kwa dawa ya kupaka. Hata hivyo, kwa kuwa kinena ni sehemu ya siri, wagonjwa wengi huona haya kumweleza mhudumu wa afya, wakajitibu wenyewe kwa miezi mingi, pengine kwa dawa inayozidisha ugonjwa.

Asili ya harufu

Mwili wa binadamu una aina mbili kuu za tezi za jasho. Tezi za ekrini zimeenea karibu mwili mzima na hutoa maji yenye chumvi ili kupoza mwili. Tezi za apokrini zinapatikana hasa makwapani na kinenani, na huanza kufanya kazi wakati wa kubalehe. Jasho la tezi hizo lina mafuta na protini. Linapotoka halina harufu kali. Harufu hutokea pale bakteria wanaoishi kwenye ngozi wanapolivunjavunja. Ndiyo sababu watoto wadogo hawana kikwapa, na ndiyo sababu harufu kiasi ya kinena mwisho wa siku ya joto ni jambo la kawaida, si ugonjwa wala uchafu.

Harufu inapaswa kuchunguzwa ikiwa ni mpya, inarudi muda mfupi baada ya kuoga, au inaambatana na muwasho, usaha, vidonda au mabadiliko ya rangi ya ngozi.

Si kila harufu ya sehemu hiyo inatoka kwenye ngozi. Kwa wanawake, harufu kama ya samaki mara nyingi husababishwa na kuvurugika kwa uwiano wa bakteria ukeni, au na trikomonasi, ambayo ni maambukizi ya zinaa. Kwa wanaume wasiotahiriwa, utando mweupe unaojikusanya chini ya govi hunuka usiposafishwa. Mkojo unaovuja nao huleta harufu na kuchubua ngozi.

Visababishi

Chanzo cha kwanza huwa ni msuguano, joto, unyevu na kukosa hewa. Ngozi iliyolowa hulainika, ikisuguana huchubuka, na hapo vijidudu hupata mlango. Mchubuko huo huitwa intatrigo. Unaweza kubaki mchubuko tu, au ukavamiwa na mojawapo ya vijidudu vifuatavyo:

- Dematofiti ni kuvu wanaokula keratini, protini ya tabaka la juu la ngozi. Ndio wanaosababisha choa cha kinena. Spishi ya kawaida ni Trichophyton rubrum. Doa huanza kwenye mkunjo wa paja na kutanuka kama pete: ukingo umeinuka na una magamba, katikati panaonekana pamepona. Kwa kawaida mfuko wa korodani hauguswi. Mara nyingi kuvu hao hutoka kwenye miguu ya mgonjwa mwenyewe, wakibebwa na taulo au chupi inayopitishwa miguuni.
- Kandida ni kuvu wa jamii ya hamira, hasa Candida albicans. Ngozi huwa nyekundu sana na yenye unyevu, na pembeni ya doa kubwa huonekana vipele vidogo vilivyotawanyika. Mfuko wa korodani unaweza kuhusika.
- Corynebacterium minutissimum ni bakteria wanaosababisha eritrasma: madoa bapa ya kahawia yenye magamba laini, yasiyowasha sana. Mara nyingi hudhaniwa kuwa fangasi.
- Stafilokoki na streptokoki huingia kwenye ngozi iliyochubuka na kuleta usaha, maumivu na harufu kali.

Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani wazi. Doa linaweza kuwa la kahawia, la zambarau au jeusi kuliko ngozi inayolizunguka.

Walio katika hatari zaidi ni watu wenye kisukari, wenye unene uliozidi, wanaotoka jasho jingi kazini au michezoni, wanaovaa nguo za kubana zisizopitisha hewa, na wenye kinga dhaifu, kwa mfano kutokana na VVU. Maambukizi ya kandida yanayorudi mara kwa mara yanaweza kuwa dalili ya kwanza ya kisukari, hivyo ni vizuri kupima sukari.

Utambuzi

Mara nyingi mtaalamu hutambua ugonjwa kwa kuangalia ngozi. Akiwa na shaka hukwangua magamba ya ukingo wa doa, huyaweka kwenye potasiamu haidroksidi na kuyatazama kwa hadubini. Nyuzi za kuvu huonekana. Eritrasma hutambuliwa kwa taa ya Wood, ambayo hutoa miali ya urujuanimno: madoa hung'aa kwa wekundu wa marijani. Mgonjwa aliyetoka kuoga anaweza asionyeshe dalili hiyo, kwa sababu kemikali inayong'aa huoshwa na maji.

Yapo magonjwa yasiyo maambukizi yanayofanana na haya, kama soriasisi ya mikunjo na mzio wa sabuni. Majipu yanayorudi makwapani na kinenani na kuacha makovu yanaweza kuwa hidradenitisi, ugonjwa wa muda mrefu unaohitaji daktari.

Matibabu

Dawa hutegemea kijidudu.

Choa cha kinena hutibiwa kwa krimu ya klotrimazoli au mikonazoli, mara mbili kwa siku kwa wiki 2 hadi 4, au krimu ya terbinafini kwa wiki 1 hadi 2. Dawa hupakwa hadi kupita ukingo wa doa, na haiachwi siku muwasho unapoisha, kwa maana kuvu huwa bado wapo. Miguu yenye fangasi itibiwe wakati huohuo. Doa likiwa kubwa au likirudi, daktari anaweza kutoa vidonge. Mjamzito asimeze vidonge vya fangasi bila ushauri wa daktari.

Kandida hutibiwa kwa klotrimazoli, mikonazoli au nistatini. Nistatini iligunduliwa Marekani mwaka 1950 na Elizabeth Lee Hazen na Rachel Fuller Brown, na jina lake linatokana na jimbo la New York. Dawa hiyo huua kandida lakini haifai kwa dematofiti. Eritrasma huhitaji antibiotiki, kama krimu ya asidi ya fusidi au klindamaisini, au vidonge vya erithromaisini.

Hatari kubwa ni krimu zenye steroidi kali, kama betamethasoni na klobetasoli, ambazo huuzwa peke yake, zikichanganywa na dawa za fangasi na antibiotiki, au ndani ya vipodozi vya kujichubua. Steroidi hutuliza muwasho kwa siku chache, na mgonjwa hudhani amepona. Kumbe imepunguza ulinzi wa ngozi: kuvu huendelea kuenea, doa hupoteza umbo la pete na kuwa gumu kutambua, na ngozi ya kinena hukonda na kupata michirizi isiyofutika. Matumizi hayo yanahusishwa pia na kuenea kwa choa sugu huko Asia ya Kusini, kinachosababishwa na Trichophyton indotineae, kuvu ambaye mara nyingi hastuki kwa terbinafini.

Ndimu, dawa ya kufulia au mafuta ya taa yakipakwa kwenye ngozi iliyochubuka huiunguza. Uke usioshwe kwa ndani kwa sabuni wala manukato: una bakteria wanaoulinda, na kuwaondoa huongeza harufu badala ya kuipunguza.

Baada ya kupona, weusi unaweza kubaki miezi kadhaa. Si ugonjwa, hufifia wenyewe, na haupaswi kusuguliwa wala kuchubuliwa.

Kinga

- Kuoga kila siku kwa sabuni isiyo kali, na kukausha mikunjo vizuri kabla ya kuvaa.
- Kuvaa chupi za pamba zisizobana na kuzibadilisha kila siku au zikilowa jasho.
- Kuanika chupi na taulo juani. Desturi ya kuzificha ndani au chini ya kanga kwa ajili ya staha huziacha na unyevu. Zikianikwa hivyo, zipigwe pasi ya moto. Kufua kwa maji ya nyuzi 60 huua kuvu.
- Kutochangia taulo, na kufua nguo za mitumba kabla ya kuzivaa.
- Mwenye fangasi za miguu avae soksi kabla ya chupi.
- Kuosha chini ya govi kwa maji, na kubadilisha pedi mara kwa mara wakati wa hedhi.

Wakati wa kumwona daktari

Mgonjwa aende kituo cha afya ikiwa hakuna nafuu baada ya wiki 2 za dawa sahihi, ikiwa kuna usaha, mtoki au homa, ikiwa uke au uume unatoa majimaji yasiyo ya kawaida, au ikiwa ana kisukari.

Maumivu makali ya ghafla kwenye korodani au msamba, pamoja na uvimbe, harufu ya kuoza na ngozi inayogeuka nyeusi, ni dalili za gangrini ya Fournier, iliyopewa jina la daktari Mfaransa Jean Alfred Fournier aliyeieleza mwaka 1883. Hutokea kwa nadra, lakini huua haraka na huhitaji upasuaji wa dharura. Katika hali hiyo kusubiri hadi kesho kwa sababu ya haya kunaweza kugharimu maisha.