Nikirudi Nyumbani, Popi Anajikojolea: Kumbe Tatizo Lilikuwa Mimi!

Jamani, leo naungama. Mwaka jana, kwa wiki tatu nzima, mwenzenu nilikuwa naingia nyumbani kwangu Mikumi kwa kuruka dimbwi la mkojo. Siyo wa mtoto, hatujajaliwa bado. Wa mbwa! Tena mbwa niliyemleta mwenyewe, kwa mbwembwe zote, kama zawadi kwa mke wangu.

Mimi nafanya mahesabu kwenye hoteli moja ya watalii, na msimu wa wageni narudi usiku. Mke wangu akawa analalamika kuwa anaogopa kubaki peke yake. Simlaumu. Huku siyo mjini Dar. Fisi unawasikia ukiwa kitandani. Nikapata habari kuwa familia moja ya Magomeni, pale Kilosa, inahama na haina pa kumwacha mbwa wao. Nikaazima pikapu, nikapita njia ya Ulaya. (Ulaya hii iko wilayani Kilosa, msije mkadhani nilipanda ndege.)

Nikamkuta Popi: jike la kienyeji, rangi ya mchanga, umri kama miezi minane, kafungwa mnyororo chini ya mwembe. Nilipoinama kumpapasa kichwa, akajilaza chali na kujikojolea. Jirani mmoja wa kike akaninong'oneza, "Huyo kazoea mateke, baba." Sikutilia maanani. Nikajua ni woga tu wa mgeni.

Tukafika Mikumi. Akiwa na mke wangu, hakuna tatizo lolote. Usiku kucha analala koridoni, anajizuia, asubuhi anafunguliwa mlango anaenda zake majanini. Lakini ole wake nikiingia mimi! Nikiita tu "Popiiii!", mkia unaingia katikati ya miguu, masikio yanalala nyuma, tumbo linagusa sakafu, halafu chururu, juu ya tailizi.

Nikafanya kile ambacho wengi wetu tumekikuta. Nikamfokea. Nikamkandamiza pua kwenye mkojo wake. Siku nyingine nikamchapa kwa gazeti nililolikunja. Matokeo yake? Ikafika mahali akisikia pikipiki yangu inakata kona, anaanza kabla sijafika mlangoni.

Ndani ya nyumba pakachacha. Tumepanga, na baraza tunashirikiana na wapangaji wengine. Mama mwenye nyumba akatangaza kuwa harufu ile mwisho wa mwezi aidha iwe imehama yenyewe, au ihame na sisi. Mke wangu naye akaniambia, kwa ile sauti ya chini ambayo wenye ndoa mnaijua, "Kama humtaki mrudishe, lakini usimpige tena mbele yangu." Usiku ule tulilala mzungu wa nne.

"Hebu toka nje, uingie tena"

Aliyetuokoa ni daktari wa mifugo, kijana aliyesomea SUA pale Morogoro. Nilimwita aje kumchoma Popi chanjo ya kichaa cha mbwa, ile ya kila mwaka, nikaona nimuulize na hili la mkojo.

Kwanza akataka kujua kama siyo ugonjwa. Je, mkojo unamtoka hata akiwa amelala? Anakojoa mara kwa mara vidogo vidogo, anakunywa maji kupita kiasi, kuna damu? Kama lingekuwepo lolote kati ya hayo, angetafuta maradhi ya kibofu au figo. Akampima, hakuona kitu. Ndipo akanigeukia, "Hebu toka nje, bosi, uingie kama unavyoingia siku zote."

Nikatoka. Nikaingia. Mlango ba! "Popiiii!" Chururu. Daktari akacheka.

"Huyu hana kasoro ya kibofu. Anakuamkia."

Akatueleza. Kitoto cha mbwa kikiwa kichanga hakiwezi kukojoa chenyewe, mpaka mama yake akilambe tumboni. Kikikua, mbele ya mkubwa wake kinajilaza na kutoa mkojo kidogo, kama kusema: mimi mdogo, usiniumize. Wengi wanaacha wakikaribia mwaka mmoja, lakini aliyepigwa anaweza kuendelea nayo muda mrefu. Siyo ukaidi, na wala hakusudii, unamtoka tu. Sasa wewe unamfokea kwa sababu amekuomba radhi. Yeye atafanya nini? Anaomba radhi tena, kwa namna ile ile moja anayoijua.

Hapo nikakumbuka video za wageni wa hotelini, za mbwa mwitu wa Hifadhi ya Mikumi. Wale siyo jamii moja na mbwa wetu wa nyumbani, lakini na wao wakikutana hujishusha, masikio nyuma, wanalambana midomo. Watalii wanalipa dola kuona heshima hiyo. Mimi naletewa bure barazani na ninanuna!

Mwanaume mzima kuingia kwake kinyemela

Dawa niliyopewa haikuuzwa duka lolote. Nizime pikipiki mbali. Niingie bila kumwita, bila kumtazama usoni, nipite kama simwoni. Ninawe, ninywe maji, dakika tano hivi zipite. Ndipo nikae kwenye kigoda, ubavu wangu ukiwa upande wake, nimwache aje mwenyewe. Akija, nimkune kidevuni au kifuani. Kichwani hapana, maana mkono unaotoka juu kwake ni mkono wa kupiga.

Na mkojo ukitoka? Kimya. Hakuna "aaa!", hakuna hata kubembeleza. Unasubiri aondoke, unafuta kwa maji na sabuni, kisha siki iliyochanganywa na maji. Dawa zenye amonia achana nazo, zinanukia kama mkojo wenyewe, utakuwa umemwonyesha choo kilipo. Maji ya kunywa usimnyime, hasa kwa joto la huku. Mke wangu akawa anamtoa nje jioni kabla sijarudi, na mimi nikawa namsalimia huko huko uani, kwenye mchanga.

Nisiwadanganye, niliona aibu. Jirani yangu aliniuliza kama nadaiwa, maana naingia kwangu kama mwizi. Siku tano hakuna nafuu. Ya sita Popi akaja mpaka kwenye goti langu, akanusa suruali, na sakafu ikabaki kavu. Nilitamani kupiga kelele, nikajizuia. Kisha ikaja mechi ya Simba na Yanga, rafiki yangu akaruka na "Goooo!" lake, tukarudi mwanzo kabisa. Tukaanza upya. Jioni mke wangu akawa anamfundisha kukaa kwa vipande vya dagaa. Akipatia anasifiwa, na kila siku shingo inanyooka kidogo.

Jioni moja ya wiki ya nne, nikiwa kwenye kile kigoda, mke wangu akasema huku anachambua mchele, "Unajua hata mimi nilikuwa naisikiliza pikipiki?"

"Kivipi?"

"Ukifunga geti kwa nguvu, najua leo tusiongee."

Mimi sijawahi kumpiga mke wangu, na hilo ndilo lililonijia mdomoni, nijitetee. Nilifungua kinywa. Popi akarudi nyuma hatua mbili. Nikakifunga. Tukakaa pale mpaka mchele ukaisha, na ndipo nikamwambia aniambie mengine. Yalikuwepo.

Mwisho wa mwezi mama mwenye nyumba akaja, khanga kiunoni, sauti kama ya kipaza sauti cha mnadani. Nikamwahi uani. "Shikamoo mama. Naomba ukae kwanza, halafu usimwangalie."

"Marahaba. Nisimwangalie nani, mbwa?" Lakini akakaa. Popi akazunguka, akanusa khanga, mkia ukatikisika. Matone matatu yakadondoka mchangani.

Mama akayatazama. "Hayo ya nje," akasema, "hayanihusu."