Akishatoka Wodi ya Mahututi

Kitenzi cha Kiswahili kupona hubeba maana mbili ambazo kwa kawaida hufuatana: kuepuka kifo, kama inaposemwa kwamba mtu amepona ajali, na kurudiwa na afya baada ya ugonjwa. Kwa mgonjwa aliyelazwa katika wodi ya wagonjwa mahututi, ambayo wengi huiita ICU, maana hizo hutengana, na kati ya ya kwanza na ya pili huweza kupita miezi, pengine miaka, ambayo yeye na jamaa zake hawakuandaliwa kuikabili.

Wodi hizo, ambamo mgonjwa aliyeshindwa na mapafu, moyo au figo husaidiwa na mashine huku akichungwa saa zote, zina asili yake Copenhagen, Denmark. Mwaka 1952 mlipuko wa polio ulipooza misuli ya kupumua ya watu wengi mjini humo, na daktari wa usingizi Bjørn Ibsen akapendekeza watobolewe koo na kusukumiwa hewa kwa mkono. Wanafunzi wapatao 1,500 walipokezana usiku na mchana kuminya mifuko ya hewa, na vifo vya wagonjwa wa aina hiyo, vilivyokuwa zaidi ya 80 katika kila 100, vikashuka hadi karibu 40. Kwa miongo mingi iliyofuata mafanikio yalipimwa kwa swali moja tu, kama mgonjwa alitoka hai, na swali la pili, kwamba aliishije baadaye, likachelewa mno kuulizwa.

Jambo ambalo wagonjwa hulikumbuka kuliko yote, nalo ndilo wanaloona haya kulisimulia, ni kuweweseka, yaani kuvurugika kwa ghafla kwa fahamu kunakomfanya mtu asijue alipo, asitambue mchana na usiku, na aone maruweruwe. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013, uliofuatilia wagonjwa 821, ulikuta kwamba karibu robo tatu yao walipatwa na hali hiyo. Husababishwa na maambukizi, upungufu wa hewa ya oksijeni, baadhi ya dawa za kutuliza na ukosefu wa usingizi katika chumba ambacho taa hazizimwi wala kengele za mashine hazinyamazi. Mgonjwa hawezi kuuliza kitu, kwa kuwa mrija uliopitishwa kooni umemnyima sauti. Basi akili yake hujitungia maelezo kutokana na vipande inavyovipata. Mikono iliyofungwa ili asichomoe mrija huwa ushahidi kwamba ametekwa, na muuguzi anayekuja na sindano huonekana muuaji. Wengine huweweseka kimyakimya, wamelala wametulia, na kwa sababu hawasumbui mtu hudhaniwa kuwa wanaendelea vizuri.

La ajabu ni kwamba matukio ya kweli ya siku zile mara nyingi hufutika, ilhali njozi hubaki wazi kama jambo la jana. Mgonjwa akirudi nyumbani nazo hunyamaza, akihofia kuitwa mwendawazimu. Akithubutu kusema, si ajabu pakatajwa majini au kurogwa. Dua haina ubaya wowote, lakini mtu huyo anastahili kwanza kuelezwa kwamba ubongo wake uliugua pamoja na mwili, na kwamba wengi waliolala kwenye vitanda kama chake waliona mambo kama yake. Asipoelezwa, njozi zinaweza kugeuka kiwewe cha kudumu, usingizi wa mang'amung'amu na sonona.

Mwili nao hudai haki yake. Watafiti wa London walionyesha mwaka 2013 kwamba ndani ya siku 10 msuli wa paja wa wagonjwa mahututi ulipungua kwa karibu asilimia 18, na wenzao wa Toronto, Kanada, waliowafuatilia wagonjwa walioharibikiwa vibaya na mapafu, waliripoti mwaka 2003 kwamba baada ya mwaka mzima ni takriban nusu tu waliokuwa wamerudi kazini. Mtu wa namna hiyo huchoka kwa kupanda ngazi chache au kuoga, naye huonekana mvivu machoni pa watu wanaojua tu kwamba aliruhusiwa zamani.

Sehemu ya madhara haya inaweza kupunguzwa mgonjwa akiwa bado wodini. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2009, dawa za usingizi zilisitishwa kila siku na mazoezi ya viungo yakaanza mgonjwa akiwa bado kwenye mashine ya kupumulia. Wagonjwa 59 katika kila 100 waliweza kujihudumia walipotoka hospitalini, ikilinganishwa na 35 waliohudumiwa kwa utaratibu wa kawaida. Wauguzi wa nchi za Skandinavia nao walizoea kumwandikia mgonjwa daftari la kila siku, ili baadaye asome yaliyompata na kuyatenganisha na aliyoyaota. Utafiti wa Ulaya wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba daftari hilo hupunguza kiwewe, ingawa mwingine wa Ufaransa, wa mwaka 2019, haukuona tofauti kubwa. Hata hivyo, ni vigumu kuona hasara ya kumpa mtu habari za siku zake mwenyewe.

Barani Afrika safari ya kurudiwa na afya huanza na wachache zaidi. Katika utafiti wa mwaka 2021 uliohusisha nchi 10, Kenya ikiwemo, karibu nusu ya wagonjwa mahututi wa UVIKO-19 walifariki ndani ya siku 30. Anayetoka hai huangukia mikononi mwa ndugu, nao ndio wanaopaswa kudai maelezo kabla ya kuondoka hospitalini: ni mazoezi gani yafanywe nyumbani, kliniki ya kurudi ni lini, na nani aonwe usingizi ukigoma. Na mgonjwa akianza kusimulia aliyoyaona akiwa kwenye mashine, asikatizwe.